Karani wa Forodha Aliyeipenda Lugha Yake: Maisha ya Sheikh Shaaban Robert (1909–1962)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu mwanafunzi, kila mwaka mitihani inapokaribia, wapo wanafunzi wanaonijia na swali moja. Ustadhi, mimi nina kipaji gani? Mwenzangu anasoma Qur'ani kwa sauti nzuri, mwingine anajua hesabu, mwingine anachora, na mimi sijijui. Wengine wamekwisha kata tamaa, wanasema wao hawakuumbiwa lolote. Na wapo wazazi wanaouliza swali hilo kwa namna nyingine: kijana wangu anapenda jambo hili, lakini je, litampa ugali?

Badala ya kujibu kwa nasaha tupu, nimeona katika toleo hili tumsome mtu mmoja wa pwani yetu, Mwislamu, mwana wa kijijini, ambaye alijiuliza swali hilo na kulijibu kwa maisha yake yote. Naye ni Sheikh Shaaban Robert, Mwenyezi Mungu amrehemu. Habari zake nyingi aliziandika mwenyewe katika kitabu chake kiitwacho Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Kitabu hicho kinafaa kusomwa na kila kijana anayetafuta njia yake.

KUZALIWA KWAKE NA JINA LAKE

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Ukitoka kwetu Bagamoyo ukafuata pwani kwenda kaskazini, ukapita Saadani, ukavuka mto Pangani, utaufikia upande huo. Ni pwani ileile ya minazi, mikoko na majahazi.

Wanafunzi wengi wakilisikia jina la Robert hudhani alikuwa Mkristo. La hasha. Robert ni jina la baba yake, mwana wa Ufukwe, na ukoo wao ulikuwa na asili ya Wayao. Shaaban alizaliwa Mwislamu, akaishi Mwislamu na akafa Mwislamu. Ama yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili.

Alizaliwa nchi yetu ikitawaliwa na Wajerumani. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, mwezi wa Novemba 1914, Waingereza walishuka Tanga kwa meli wakitaka kuuteka mji, wakashindwa vibaya. Mwaka 1916 wakarudi na kuutwaa. Kwa hiyo alikulia katika zama ambazo watawala walibadilika, na lugha ya afisini ikabadilika pamoja nao. Lugha ya nyumbani na mitaani ikabaki Kiswahili.

SHULE NA KAZI

Alisoma Dar es Salaam, katika shule ya Msimbazi, tangu mwaka 1922 hadi 1926. Katika mtihani wa kumaliza shule alishika nafasi ya pili miongoni mwa wanafunzi 11. Hiyo ndiyo elimu ya darasani aliyoipata. Hakwenda chuo kikuu, na wakati ule Tanganyika haikuwa na chuo kikuu cha kwenda.

Mwaka huohuo wa 1926 akaajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha. Tufahamu kazi hiyo ilikuwaje. Karani wa forodha huandika mizigo inayoingia na inayotoka, hukagua hati za vyombo, hukadiria ushuru, kisha huandika tena. Leo ni kama jana, na kesho itakuwa kama leo. Ilikuwa kazi ya heshima kwa Mwafrika wa zama zile, lakini cheo chake kilikuwa na mwisho. Juu ya karani alikaa bwana mkubwa wa Kizungu, na mlango wa kupanda ulikuwa mwembamba sana. Aliyetaka kusogea mbele kidogo alitakiwa ajitie bidii katika Kiingereza.

Alikaa forodhani miaka 18, hadi mwaka 1944. Sehemu kubwa ya habari zake za miaka hiyo inatoka Pangani, mji mdogo uliopo mlangoni mwa mto.

HAPO NDIPO ALIPOKIONA KIPENDACHO MOYO WAKE

Ndugu msomaji, lau Shaaban angeridhika na mshahara wake, leo tusingemjua. Makarani wa forodha wa miaka ile walikuwa wengi, na majina yao hayajulikani tena. Yeye alikuwa na jambo jingine moyoni. Aliipenda lugha yake.

Mapenzi hayo hayakumjia siku moja kama umeme wa mvua. Alikuwa akisikiliza namna watu wanavyosema, akisoma tungo za watangulizi, akajaribu kutunga, akatunga tena. Wakati huo lilikuwapo gazeti la serikali lililoitwa Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, nalo lilikuwa na nafasi ya mashairi. Watungaji kutoka kila upande wa nchi walipeleka tungo zao humo, wakajibizana na kukosoana. Shaaban naye akapeleka zake. Kwa njia hiyo karani wa bandari ndogo akaanza kujulikana na watu ambao hawajapata kumwona.

Aliandika vilevile barua nyingi kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye baadaye alikuwa mwandishi. Barua hizo, za kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zilihifadhiwa na zikatolewa kuwa kitabu. Hata barua za nyumbani kwake zilikuwa zoezi la kuandika vizuri.

Tuzingatie pia hali ya lugha yenyewe. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, ikakubaliwa kuwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya nchi za Afrika Mashariki ya kuusimamia usanifishaji huo. Wakubwa wa kazi hiyo walikuwa Wazungu. Kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa chombo cha kutawalia na kusomeshea watoto wadogo. Shaaban Robert aliona jambo jingine. Aliona kuwa lugha hii inaweza kubeba fikira nzito, falsafa, historia na maadili, kama lugha yoyote ya dunia. Hakubishana kwa maneno matupu. Alikaa akaandika, ili kazi yake iwe ushahidi.

Miaka ya Vita Kuu ya Pili aliifuatilia habari yake tangu 1939 hadi 1945 na akaitungia utenzi wenye beti zipatazo 3,000. Fikiri, mwanafunzi: beti elfu tatu, zimetungwa na mtu ambaye mchana anaandika hati za mizigo.

MSIBA WA AMINA

Mke wake wa kwanza aliitwa Amina. Katika kitabu chake anamtaja kwa mapenzi na heshima kubwa, jambo ambalo wanaume wengi wa zama zile waliona haya kuliandika. Amina alifariki dunia, akamwacha na watoto. Shaaban akamtungia shairi la maombolezo ambalo mpaka leo wajuzi wa lugha hulihesabu miongoni mwa tungo nzuri za huzuni katika Kiswahili.

Baada ya msiba kipaji chake kilipata kazi nyingine. Alimtungia binti yake Mwanjaa utenzi wa nasaha, ndio Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman akamtungia Utenzi wa Adili. Ndani yake kuna mafunzo ya dini, adabu, usafi, bidii ya kazi na namna ya kuishi na watu. Hakuwa na mali ya kuwarithisha. Alichokuwa nacho ni maneno, akawapa hayo. Tenzi hizo mbili zimo katika kitabu cha Maisha Yangu, na sisi tusiokuwa watoto wake tunazisoma kana kwamba tuliandikiwa.

Alioa tena, akaendelea kulea na kuandika. Kwa jumla alioa mara tatu katika maisha yake.

KUHAMISHWA BARA NA KURUDI TANGA

Mwaka 1944 aliondolewa forodhani akapelekwa bara. Alikwenda Longido, karibu na mpaka wa Kenya, na akakaa Mpwapwa. Kwa mtu wa pwani aliyezoea bahari, hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Safari zenyewe zilikuwa na taabu, na ubaguzi wa rangi wa zama zile nao ulimgusa njiani. Ameyaeleza hayo kwa upole, bila matusi, lakini msomaji anauhisi uchungu wake.

Mwaka 1946 alirudishwa Tanga. Akafanya kazi katika afisi ya wilaya hadi 1952, kisha katika afisi ya kupima ardhi hadi 1960. Ukihesabu tangu 1926, utapata miaka 34 ya ukarani. Miaka yote hiyo hakuacha kazi kwa kisingizio cha kipaji, wala hakuacha kipaji kwa kisingizio cha kazi.

VITABU VYAKE

Kitabu cha Maisha Yangu kilitoka kwanza mwaka 1949. Mwaka 1951 kikatoka Kusadikika. Humo alibuni nchi iliyoko angani, na ndani yake kijana aitwaye Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha elimu ya sheria. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mambo yenye manufaa kwa nchi yao, na waliporudi hawakushukuriwa, waliadhibiwa. Msomaji wa mwaka 1951, mwenye nchi iliyo chini ya wakoloni, hakuhitaji mkalimani ili afahamu maana yake. Shaaban alikuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo. Alitumia hadithi kusema jambo ambalo hotuba ya wazi ingemtia matatani.

Mwaka 1952 kilitoka Adili na Nduguze. Mwaka 1958 ukachapishwa wasifu alioandika wa Siti binti Saad wa Unguja. Siti alikuwa binti wa watu maskini kutoka Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu, asiyesomeshwa, na watu wa mji wakimdharau. Alikuja kujulikana pwani nzima kwa sauti yake. Shaaban alimwendea, akazungumza naye, na baada ya kifo chake mwaka 1950 habari zake zikabaki katika maandishi. Tunaona hapa kuwa aliyekijua kipaji chake hakuona wivu kwa kipaji cha mwingine. Alikitambua hata kwa mtu ambaye wakubwa walimwona duni, akamtilia heshima.

Kwa jumla aliacha vitabu zaidi ya 20: mashairi, insha, hadithi na tenzi. Alitunukiwa Tuzo ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na serikali ya Uingereza ikampa nishani ya MBE. Aliingizwa katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na huko Tanga alikuwa mjumbe wa baraza la mji.

MATUNDA ASIYOYAONA

Ndugu mwanafunzi, tusidhani kuwa mambo yalimnyookea. Kuandika kitabu ni kazi moja, na kukipatia mchapishaji ni kazi nyingine. Wachapishaji walikuwa wachache, wengi walikuwa mbali, na maamuzi yalikuwa mikononi mwao. Ilifika hadi akaanzisha shirika lake dogo la uchapishaji mjini Tanga, na mwaka 1960 diwani yake ya Almasi za Afrika ikatoka humo. Hakuwa tajiri. Alikuwa karani aliyestaafu, mwenye familia, akitoa fedha zake kuyachapa maneno yake.

Alifariki dunia Tanga mwezi wa Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miezi sita tu nyuma yake, Desemba 1961. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sasa tazama. Utenzi wake wa vita wa beti elfu tatu ulichapishwa kuwa kitabu mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Kufikirika nacho kilitoka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Yaani baadhi ya vitabu ambavyo leo vinatajwa sana hakupata kuvishika mkononi. Aliviandika, akaviweka, akaondoka.

Hili ndilo linalonifanya nimsome tena na tena. Kijana wa leo akiandika jambo asubuhi, anataka jioni asifiwe. Asiposifiwa, anasema kumbe sina kipaji. Shaaban Robert aliandika miaka mingi bila kujua kama maandishi yake yatasomwa. Kama kipimo chake kingekuwa sifa za watu, angeacha mapema.

Leo mtaa mmoja wa Dar es Salaam na shule ya sekondari ya huko vinaitwa kwa jina lake. Vizazi vya wanafunzi wamesoma vitabu vyake darasani. Na lugha aliyoitumikia, mwaka 2021 UNESCO iliipa siku yake duniani, tarehe 7 Julai. Yeye hayupo kuyaona hayo. Nasi katika dini yetu tumefundishwa kuwa mwanadamu akifa amali zake hukatika, isipokuwa mambo machache, na mojawapo ni elimu yenye manufaa aliyoiacha nyuma. Tunamuombea Mola ayakubali mema yake na amsamehe makosa yake.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, kipaji huenda kiko karibu nawe kuliko unavyodhani. Shaaban hakukitafuta mbali. Alikikuta katika lugha aliyoinyonya kwa mama yake, ambayo kila mtu aliitumia na wachache waliithamini. Tazama unachokifanya hata bila ya kutumwa: kuwafundisha wadogo zako alifu na bee, kupanda miti, kutengeneza vitu vilivyoharibika, kuandika khati nzuri. Anzia hapo. Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa.

Pili, kupenda jambo hakutoshi bila ya kulifanyia kazi kila siku. Beti elfu tatu zilitungwa ubeti baada ya ubeti. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye kuhifadhi Qur'ani anaujua ukweli huu vizuri, kwa sababu juzuu nzima huanza kwa aya moja.

Tatu, usiidharau kazi ya kukupatia riziki. Alilisha familia yake kwa ukarani, na kalamu ileile ya afisini ndiyo iliyomzoesha utaratibu na usahihi. Anayesema nitaacha masomo nifuate kipaji changu na amtazame karani huyu wa miaka 34.

Nne, isafishe nia. Ukifanya jambo kwa ajili ya kuonekana, siku usipoonekana utachoka. Ukilifanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na manufaa ya watu, hutachoka upesi, na ujira wako haupotei.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu wapendwa, hofu yenu tunaielewa. Kila mzazi anataka mtoto wake apate kazi ya kumweka mjini, na hakuna ubaya katika hilo. Tunachoomba ni hiki: mtoto akionyesha mapenzi kwa jambo la halali na lenye manufaa, msimvunje kwa kejeli. Mwambieni asome, afanye kazi, na jambo lake aliendeleze baada ya hapo. Mnunulieni daftari. Msikilizeni anapowasomea alichoandika, hata kama mmechoka. Huenda akaishia kuwa karani, na hakuna aibu. Lakini huenda pia akaacha kitu ambacho wajukuu zenu watakisoma.

Kitabu chenyewe kinapatikana. Kimechapishwa upya Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Si kikubwa, na lugha yake, ingawa ina maneno ya zamani kidogo, inafahamika. Habari za utoto wake hazielezwi sana humo. Ameeleza zaidi ndoa, kazi, safari, msiba, uzee na fikira zake. Someni nyumbani kwa zamu, mtoto asome na mzazi asikilize.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Shaaban Robert alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Alifanya kazi forodhani kwa miaka mingapi?
3. Taja tenzi mbili alizowatungia watoto wake, na useme ni nani alitungiwa upi.
4. Kwa nini alitumia nchi ya kubuni alipoandika Kusadikika?
5. Andika kurasa mbili kuhusu jambo moja unalolipenda. Eleza ulilianza lini, na utafanya nini kila wiki mpaka Ramadhani ijayo ili uliendeleze. Mkabidhi mwalimu wako wa darasa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Shaaban Robert na Waislamu wote waliotutangulia, awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa, na amwonyeshe kila mmoja wetu kheri aliyowekewa ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.